Jiko, Kiwanda na Afya: Vyakula Vilivyosindikwa Kupindukia na Namna ya Kuvipunguza

Utangulizi

Mnamo mwaka 1929, daktari C. P. Donnison alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kuwapima shinikizo la damu watu 1,000 wa eneo lililoitwa wakati huo Kavirondo Kusini, katika Nyanza ya leo. Aligundua kwamba shinikizo la damu la watu hao halikupanda kadiri umri ulivyosonga, tofauti na ilivyokuwa Ulaya. Miongoni mwa wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa katika hospitali aliyohudumu kwa takriban miaka miwili, hakupata hata mmoja aliyekuwa na shinikizo la juu la damu.

Miongo sita baadaye, mwaka 1990, Neil Poulter na wenzake walichapisha utafiti mwingine nchini Kenya. Waliwafuata Waluo waliohama kutoka mashambani magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi. Katika miezi ya kwanza tu ya maisha ya jijini, shinikizo la damu la wahamiaji hao lilianza kupanda kuliko la wenzao waliobaki nyumbani. Vipimo vya mkojo vilionyesha sababu mojawapo: chumvi ilikuwa imeongezeka katika mlo wao, na potasiamu, madini yanayopatikana kwa wingi katika mboga, matunda na mizizi, ilikuwa imepungua. Kufikia mwaka 2015, utafiti wa kitaifa ulionyesha kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini Kenya ana shinikizo la juu la damu.

Bila shaka chakula si sababu pekee ya badiliko hilo. Kuna kuketi kutwa, kuna tumbaku na pombe, kuna mihangaiko ya mjini, na kuna ukweli kwamba watu wengi zaidi siku hizi huishi hadi uzeeni. Hata hivyo, sahani imo katikati ya kisa chenyewe. Kisa hiki kinamhusu msomaji wa jarida hili kwa karibu, kwa kuwa mwanafunzi anayetoka kwao Kisii, Kitui au Kilifi na kuingia bwenini ni mhamiaji wa aina hiyo hiyo. Katika muda wa wiki chache anaacha jiko la mamake na kuanza kuishi kwa mkate, soda, soseji na tambi za dakika mbili.

Makala haya yanakusudia kueleza maana ya vyakula vilivyosindikwa kupindukia, madhara yake kwa afya na njia za kuvipunguza. Aidha, yanashikilia kwamba Kiswahili chenyewe, kupitia vitenzi vyake vya jikoni, kinampa mlaji kipimo chepesi cha kuvitambua vyakula hivi.

Usindikaji na Vitenzi vya Jikoni

Kitenzi ‘sindika’ ni cha kale. Maana yake ya asili ni kukamua kwa kushindilia, kama inavyofanywa kwa ufuta, nazi au miwa ili kupata mafuta au maji yake. Katika matumizi ya sasa maana hiyo imepanuka, na kusindika ni kukifanyia chakula lolote linalokibadilisha kabla ya kuliwa ili kidumu, kipikike au kiuzike. Kwa maana hii pana, karibu kila chakula kimesindikwa kwa namna fulani. Ugali umesindikwa, na maziwa lala vilevile. Anayesema kuwa usindikaji wote ni mbaya anakosea tangu mwanzo.

Kiswahili hakikungoja wataalamu wa lishe ili kutofautisha aina za usindikaji. Nafaka hupurwa, hupetwa, hukobolewa, hutwangwa, hupaazwa au husagwa, kisha unga huchekechwa. Nazi hukunwa na tui likachujwa. Samaki huanikwa au hubanikwa. Ndizi huvundikwa ziive. Mihogo hutokoswa, uji hukorogwa, ugali husongwa, mchuzi huungwa. Maziwa huachwa yakaganda, na unga wa wimbi huchachushwa. Kila kitenzi hapa kina mtendaji anayejulikana, chombo kinachojulikana na tendo linaloweza kuonwa kwa macho. Mtoto aliyeketi jikoni anaweza kueleza jinsi chakula kilivyofika sahanini.

Tuchukue hindi moja kama mfano. Likitokoswa pamoja na maharagwe huwa githeri. Likikobolewa kinuni na kupikwa huwa muthokoi. Likisagwa, unga wake husongwa kuwa ugali au hukorogwa kuwa uji. Mpaka hapo vitenzi vya jikoni vinatosha. Sasa chukua vile vitafunio vya mahindi vyepesi, vyenye rangi ya chungwa, vinavyouzwa katika pakiti zenye kung’aa. Ndani ya kiwanda, unga wa mahindi husukumwa kwa nguvu na joto kali ndani ya mtambo, ukatokea kwenye tundu dogo na kufura ghafla. Kisha hunyunyiziwa mafuta, chumvi, rangi na ladha ya jibini au ya kuku, hata kama hakuna jibini wala kuku aliyekaribia mtambo huo. Hapana mama wala nyanya aliyewahi kuwa na kitenzi cha tendo hilo, kwa sababu haliwezi kutendeka jikoni.

Hapa ndipo kipimo kinapojitokeza. Ikiwa historia ya chakula inaweza kusimuliwa kwa vitenzi vya jikoni, chakula hicho kwa kawaida kimo upande wa salama. Vitenzi hivyo vikikwama njiani, yamkini chakula hicho kimesindikwa kupindukia.

Mafungu Manne ya Vyakula

Mwanazuoni aliyelipa suala hili sura ya kisayansi ni Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo nchini Brazil. Kuanzia mwaka 2009, yeye na wenzake walipendekeza kwamba vyakula vigawanywe kwa kuzingatia namna na kusudi la kuvisindika, badala ya kuangalia virutubishi peke yake. Uainishaji huo, unaojulikana kwa jina la NOVA, una mafungu manne.

Fungu la kwanza ni la vyakula vya asili au vilivyosindikwa kidogo: matunda, mboga, viazi vitamu, nduma, mihogo, nafaka na unga wake, maharagwe, ndengu, mbaazi, mayai, nyama, samaki, omena waliokaushwa na maziwa.

Fungu la pili ni la viambato vya kupikia, yaani chumvi, sukari, samli, siagi na mafuta. Vitu hivi haviliwi peke yake bali husaidia kuandaa vile vya fungu la kwanza.

Fungu la tatu ni la vyakula vilivyosindikwa kwa kuunganisha mafungu mawili ya kwanza. Mifano ni mkate wa unga, maji, chumvi na hamira, jibini ya kawaida, samaki wa kopo na njugu zilizotiwa chumvi.

Fungu la nne ndilo la vyakula vilivyosindikwa kupindukia. Hivi huundwa viwandani kwa viambato vilivyotolewa katika vyakula vingine na kuvunjwavunjwa, kama vile wanga uliogeuzwa umbo, protini ya soya iliyotengwa, sharubati ya sukari ya mahindi na mafuta yaliyotiwa haidrojeni. Kisha huongezwa rangi, vikuza ladha, vitamu visivyo sukari na viungio vya kushikanisha mafuta na maji. Humo mna soda, vinywaji vya rangi vinavyojiita sharubati ya matunda, tambi za dakika mbili, soseji na smoki nyingi, vitafunio vya pakiti, biskuti, peremende, vidonge vya mchuzi, majarini na sehemu kubwa ya mikate iliyokatwakatwa na kufungwa katika nailoni.

Ni muhimu kuondoa utata mmoja unaowakwaza wengi. Chipsi zilizokaangwa kibandani kutokana na viazi halisi hazimo katika fungu la nne, wala mandazi yaliyokandwa nyumbani. Hilo halina maana kwamba kuvila kila siku ni jambo jema, kwa kuwa mafuta mengi, hasa yaliyokaangiwa mara nyingi, yana madhara yake. Vivyo hivyo, unga wa mahindi ulioongezwa vitamini na madini kwa mujibu wa sheria ya Kenya ya mwaka 2012, na chumvi iliyotiwa madini joto, haviwi vibaya kwa sababu ya nyongeza hizo. Nyongeza hizo zimewakinga wengi na upungufu wa virutubishi.

Madhara kwa Afya

Kwa muda mrefu, wenye viwanda walidai kwamba tatizo si chakula bali ni kiasi, na kwamba sukari ni sukari popote ilipo. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake, wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, walilipima dai hilo kwa jaribio. Watu wazima 20 waliwekwa katika kituo cha utafiti kwa wiki nne. Kwa wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa kupindukia, na kwa wiki mbili nyingine wakapewa vyakula vilivyosindikwa kidogo. Milo iliyoandaliwa ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mmoja aliruhusiwa kula apendavyo. Walipokula vya kiwandani, walikula takriban kalori 500 zaidi kila siku na kuongezeka karibu kilo moja. Walipokula vile vingine, walipungua kiasi hicho hicho. Hakuna aliyewalazimisha, mkono wenyewe uliendelea kwenda kinywani.

Jaribio jingine la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2025, liliwahusisha watu wazima 55 kwa wiki nane za kila aina ya mlo. Safari hii milo yote miwili ilifuata miongozo ya serikali kuhusu lishe bora. Washiriki walipungua uzito katika milo yote miwili, lakini walipungua karibu mara mbili zaidi walipokula vyakula vilivyosindikwa kidogo.

Tafiti za kuwafuatilia watu wengi kwa miaka mingi zinaelekea upande uo huo. Nchini Ufaransa, utafiti uliohusisha watu zaidi ya 100,000, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa kila vyakula hivi vilipoongezeka kwa asilimia 10 katika mlo, hatari ya maradhi ya moyo na mishipa iliongezeka kwa takriban asilimia 12. Mwaka 2024, jarida la BMJ lilichapisha mapitio yaliyokusanya tafiti zenye washiriki karibu milioni 10. Mapitio hayo yalihusisha vyakula hivi na matatizo 32 ya kiafya, yakiwemo maradhi ya moyo, kisukari cha aina ya pili, unene wa kupindukia, wasiwasi na sonona. Mwaka 2025 jarida la Lancet nalo lilitoa mfululizo wa makala matatu kuhusu suala hili, likizihimiza serikali kuchukua hatua.

Kuhusu nyama za kiwandani, ushahidi una umri mkubwa zaidi. Mwaka 2015, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliziweka nyama zilizosindikwa katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Lilieleza kuwa kula gramu 50 za nyama hizo kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Gramu 50 si nyingi. Soseji moja yaweza kuzifikia. Kwa mwanafunzi anayekula smoki mbili kila asubuhi akielekea darasani, takwimu hiyo si habari ya watu wa mbali.

Nchini Kenya kwenyewe, Utafiti wa Kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulibainisha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Utafiti huo huo ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa kwa kukosa lishe bora. Nchi moja, na pengine nyumba moja, inabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja: mtoto aliyedumaa na mzazi aliyenenepa kupita kiasi. Chakula chenye kalori nyingi na virutubishi haba huweza kuchangia yote mawili.

Kwa Nini Mwili Hushindwa Kujizuia

Swali linalofuata ni hili: mbona mtu hushiba githeri akaacha, ilhali pakiti ya vitafunio huisha kabla hajatambua? Sababu ya kwanza ni wepesi wa kutafuna. Katika jaribio la Hall, washiriki walikula vyakula vya kiwandani kwa kasi zaidi. Tumbo na utumbo huhitaji muda ili kuupelekea ubongo habari za shibe, na chakula kinachoyeyuka mdomoni huwahi kupita kabla ya habari hiyo kufika. Punje ya hindi na ganda la haragwe humlazimisha mlaji kutafuna.

Sababu ya pili ni mkusanyiko wa kalori. Maji na nyuzinyuzi hujaza tumbo bila kuongeza kalori nyingi. Kiwanda huviondoa ili bidhaa idumu rafuni. Ya tatu ni mchanganyiko wa sukari au wanga, mafuta na chumvi kwa viwango ambavyo ni nadra kupatikana pamoja katika chakula cha asili. Mchanganyiko huo hutamanisha, na bidhaa hujaribiwa kwa walaji kabla ya kupelekwa sokoni. Ya nne ni kubomolewa kwa umbo la asili la chakula. Chungwa zima na maji matamu ya rangi ya chungwa vyaweza kuwa na kiasi sawa cha sukari, lakini sukari ya chungwa imefumbatwa ndani ya nyuzinyuzi, na huingia damuni polepole.

Vinywaji ndivyo vinavyodhihirisha hoja hii wazi zaidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuwa sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, yaani takriban gramu 50 kwa mtu mzima, na kwamba ikiwa nusu ya hiyo ni bora zaidi. Kola ya kawaida huwa na gramu 10 hadi 11 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa moja ya mililita 500, kwa hivyo, inaweza kumaliza kiwango cha siku nzima kabla mnywaji hajala chochote. Kuhusu chumvi, Shirika hilo linapendekeza isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja. Pakiti moja ya tambi za dakika mbili, ikipikwa na unga wake wote wa kukolezea, huweza kubeba nusu ya kiwango hicho au zaidi.

Mipaka ya Ushahidi

Uadilifu wa kitaaluma unadai kwamba upande wa pili nao usikizwe. Tafiti nyingi za ufuatiliaji huonyesha uhusiano tu, na uhusiano si lazima uwe chanzo. Huenda wanaokula vyakula hivi kwa wingi pia hulala kidogo, huvuta sigara au huishi katika ufukara. Watafiti hujaribu kuyatenga mambo hayo, lakini si rahisi kuyatenga yote. Isitoshe, fungu la nne linachanganya vitu visivyolingana: soda yenye sukari iko pamoja na mkate wa nafaka nzima wa kiwandani, na tafiti kadhaa zimeonyesha kuwa madhara hujitokeza zaidi katika vinywaji vitamu na nyama za kiwandani. Maziwa ya unga ya watoto wachanga nayo yamo katika fungu hili, ijapokuwa kuna watoto wasioweza kuishi bila hayo.

Jambo jingine ni la kijamii. Mwanafunzi asiyeruhusiwa kupika bwenini, mfanyakazi arudiye nyumbani usiku, na mama asiye na fedha za makaa ya kuchemsha maharagwe saa tatu, hawachagui vyakula hivi kwa ujinga. Wanachagua kile ambacho muda, mfuko na jiko vinaruhusu. Ushauri usiotambua hali hiyo hauwafai.

Lebo na Suala la Lugha

Kipimo cha vitenzi humsaidia mlaji akiwa na chakula mkononi, lakini bidhaa nyingi hujificha nyuma ya maandishi. Kanuni moja ya lebo inafaa kukaririwa: viambato huorodheshwa kwa kufuata uzito, kile kilicho kingi kikitangulia. Sukari ikiwa ya kwanza au ya pili katika orodha, mlaji ameshaambiwa ukweli. Sukari hiyo pia hubadilisha majina. Glukosi, fruktosi, dekstrosi, maltodekstrini na sharubati za kila namna ni jamaa zake. Namba zinazoanza na herufi E ni majina ya viungio. E621 ni kikuza ladha, E211 ni kihifadhi, E951 ni kitamu kiitwacho aspatemu. Namba hizi hazimaanishi sumu. Hata hivyo, zinapoandamana tatu au nne katika orodha moja, ni dalili kwamba chakula hicho hakikutoka jikoni.

Tatizo ni kuwa sehemu kubwa ya lebo zinazosomwa nchini Kenya zimeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu na kwa herufi ndogo mno. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika, na kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili kufaidi bidhaa. Habari isiyoeleweka si habari. Mama wa Gikomba au Kongowea anayemnunulia mwanawe kinywaji cha rangi kwa kuamini kuwa ni matunda amenyimwa haki hiyo, ijapokuwa maandishi yamo chupani.

Nchi nyingine zimelikabili suala hili. Chile, kuanzia mwaka 2016, iliwalazimu watengenezaji kubandika alama nyeusi yenye pembe nane mbele ya pakiti, ikisema kwa Kihispania, lugha ya wananchi, kwamba bidhaa ina sukari nyingi, chumvi nyingi, mafuta mabaya mengi au kalori nyingi. Mexico ilitoza kodi vinywaji vyenye sukari kuanzia mwaka 2014 na kufuata mtindo wa alama nyeusi mwaka 2020. Afrika Kusini ilianza kutoza kodi ya sukari ya vinywaji mwaka 2018. Katika mifano ya alama hizi, nguvu kubwa ya sheria iko katika sentensi fupi inayoeleweka na asiyesoma sana. Hiyo ni kazi ambayo wanafunzi wa isimu, tafsiri na istilahi wanaijua.

Namna ya Kupunguza

Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukipunguza pia. Lengo si kufuta kila kitu kwa siku moja, bali ni kupunguza sehemu ya vyakula hivi katika mlo wa kila wiki.

Jambo la kwanza ni kuanza na vinywaji, kwa kuwa huko ndiko faida hupatikana kwa haraka. Maji, chai yenye sukari kidogo, maziwa lala na uji ni badala nzuri ya soda. Kukimbilia soda isiyo na sukari si suluhisho la kudumu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba vitamu visivyo sukari visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito.

La pili ni kifungua kinywa. Nduma, kiazi kitamu au muhogo uliotokoswa, yai la kuchemsha au uji wa wimbi hukaa tumboni muda mrefu kuliko mkate mweupe na soseji. Vyakula hivi huuzwa karibu na vyuo vingi, na katika mikokoteni ile ile inayouza smoki mayai ya kuchemsha hayakosekani.

La tatu ni kupika kwa wingi na kwa ushirika. Maharagwe na mahindi yakilowekwa usiku kucha huiva kwa muda mfupi na kwa moto mchache. Wanafunzi wanne wanaoishi nje ya chuo wakichanga na kupika sufuria moja ya githeri au ndengu Jumapili, wana chakula cha siku mbili au tatu, almuradi wakihifadhi mahali pa baridi na kukipasha hadi kitokote.

La nne ni kukoleza kwa viungo halisi. Kitunguu, nyanya, dania, tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na tui la nazi huupa mchuzi ladha ambayo kidonge cha mchuzi huiga tu. Pwani ya Kenya ina hazina kubwa ya maarifa haya. Mbaazi za nazi hazijawahi kuhitaji kikuza ladha cha kiwandani. Tambi za dakika mbili zikilazimu, unga wake wa kukolezea upunguzwe hadi nusu, na sukuma wiki na yai viongezwe sufuriani.

La tano ni kurejea mboga za kienyeji: mnavu, mchicha, kunde, mrenda na mgagani. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia miaka mingi ya utafiti kuonyesha thamani ya mboga hizi zilizowahi kudharauliwa kama magugu au chakula cha maskini. Mnamo mwaka 2021, UNESCO iliiweka kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya jadi katika orodha yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Dunia imekiri thamani ya kile ambacho baadhi ya vijana wetu hukionea haya.

La sita na la mwisho ni kuuliza maswali matatu kabla ya kununua pakiti. Je, viambato vyote vinajulikana jikoni? Je, sukari, mafuta au chumvi imetangulia katika orodha? Je, kuna chakula halisi cha bei hiyo hiyo karibu? Ndizi mbili na njugu karanga za kukaanga aghalabu hupatikana hatua chache tu kutoka duka la vitafunio.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba vyakula vilivyosindikwa kupindukia humfanya mlaji ale zaidi ya mahitaji yake, na kwamba vinahusishwa na maradhi ambayo Donnison hakuyaona Nyanza mwaka 1929 lakini ambayo leo hujaza kliniki za Kenya. Ushahidi una mipaka yake, lakini unatosha kumshauri mtu abadilishe sahani yake bila kungoja neno la mwisho la sayansi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kisukari na kiharusi hujengwa kwa gharama ambayo familia nyingi haziwezi kuimudu.

Wasimamizi wa vyuo wanaweza kuanza na mabwalo yao, kwa kuhakikisha kuwa githeri, ndengu, mboga za kienyeji na matunda vinapatikana kwa bei isiyozidi ya soda na mkate. Vyama vya Kiswahili navyo vina wajibu. Istilahi za lishe zilizo wazi zinahitajika, pamoja na tafsiri za maneno ya lebo na sentensi fupi za onyo ambazo siku moja zitawekwa mbele ya pakiti. Mwisho, msamiati wa jikoni unastahili kukusanywa ungali vinywani mwa wazee. Kizazi kisichopeta, kisichopaaza wala kutokosa kitasahau chakula, na baada ya chakula kitasahau maneno yake. Na aliyesahau maneno hayo hatakuwa na kipimo cha kumwambia kilichomo sahanini mwake.